UZI: Kutembea mikokoni Gazi bila kuchoka. Kwanza jua mwezi una siku ngapi

MwanaGhuba

Waungwana, asalaam aleikum, na wengine habari za wakati huu. Kila wiki humu nakuta mtu auliza pwani ya kusini kuna nini zaidi ya mchanga wa Diani. Leo nimepata nafasi, nitaandika kwa urefu, naomba mnivumilie. Nawaletea njia ya mbao ya Gazi, ile inayopita katikati ya mikoko.

Gazi iko Kwale, kilomita hamsini na kitu kusini mwa Mombasa. Ukitokea mjini unavuka Likoni, unapanda matatu ya Ukunda, halafu nyingine ya Msambweni au Lunga Lunga, unamwambia makanga akushushe njia panda ya Gazi. Hapo utakuta bodaboda za kukuingiza kijijini. Anayeteremka treni Miritini siku hizi hana haja ya feri. Apite barabara ya Dongo Kundu, na madaraja yake yatampitisha juu ya mikoko ya Mwache na Mteza, apate kionjo kabla hajafika.

Njia yenyewe ni fupi, na mtu wa kawaida haimtoi jasho. Ni mbao zilizoinuliwa juu ya tope kwa nguzo, na wanaoisimamia ni kinamama wa kijiji. Unaanza upande wa nchi kavu, unaingia kivulini, hatua kwa hatua mpaka unausikia upepo wa baharini. Ghuba imekingwa na rasi ya Chale upande wa bahari kuu, kwa hivyo mawimbi makubwa hayaingii. Mito miwili, Kidogoweni na Mkurumuji, inamwaga humo maji yasiyo na chumvi na tope lake. Utulivu na tope, hivyo viwili ndivyo mkoko unavyovitaka.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nifungue uzi huu. Watu wengi wanakwenda Gazi saa yoyote iliyowafaa wao, wanarudi wakisema "tumeona miti kwenye matope, basi". Hawakuangalia maji. Njia ile ni moja lakini ni matembezi mawili. Maji yakipwa unatembea juu ya kijiji cha kaa. Maji yakijaa unatembea juu ya msitu unaoelea, samaki wanapita chini ya miguu yako. Ukienda katikati ya hayo mawili, hukuona hili wala lile.

Hesabu yake wazee wetu wanaijua kichwani, nami nawapa kama nilivyopewa. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huwa ni bamvua: maji yanajaa sana na yanapwa sana, tofauti ya juu na chini hupita mita 3. Siku hizo, pwani yetu hii, maji huwa yamekupwa mwisho kama saa nne asubuhi, na yamejaa mwisho kama saa kumi jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Ukifika mwezi saba au mwezi nane, yaani siku ya saba au ya nane tangu uandame, mambo yamepinduka: saa nne asubuhi ndiyo maji yamejaa, lakini ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Basi siku ya bamvua ndiyo siku ya Gazi. Ingia saa nne uone tope na kaa, toka ule chakula cha mchana kijijini, rudi saa kumi uone msitu umesimama majini. Siku moja, matembezi mawili. Anayetaka dakika kamili atazame jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari, hutolewa kila mwaka.

Nitaendelea na miti yenyewe baadaye. Maswali karibuni.

BintiUkunda

Kaka, ahsante kwa uzi. Nina mama yangu, miaka sabini na mbili, goti la kulia linamsumbua. Anapenda sana kutoka lakini kila mahali ni ngazi au mchanga mzito. Ataweza kweli?

MwanaGhuba

Dada, ataweza, ila kwa masharti. Hakuna mlima wala ngazi za kupanda, ni mbao tambarare. Lakini mbao hizi zinaliwa na chumvi na wadudu wa majini wanaotoboa, kwa hivyo siku zote kuna mahali ubao umelegea au pengo limepanuka. Wapigie au wafikie kinamama kabla, waulize hali ya njia wiki hiyo, nao watakwambia ukweli. Mama avae viatu vya kufunga vyenye soli ya mpira, si ndala. Ashike fimbo, na fimbo hiyo iwe na ncha pana, ncha nyembamba itaingia kati ya mbao mbili. Asiende mwezi wa nne na wa tano, masika mbao zinateleza kama zimepakwa mafuta. Kaskazi ndiyo wakati wake, Desemba mpaka Machi, bahari imetulia na ndege wageni bado wako. Na mtoke kabla ya magharibi, mbu wa huko hawana huruma.

Tukio_Moja

Naomba kuuliza bila kumkosea mtu. Mimi ni mzaliwa wa Msambweni. Babu yangu aliingia mikokoni bila kulipa, baba yangu vilevile. Kwa nini leo nilipe kiingilio nikatazame mikoko ya kwetu?

MwanaGhuba

Swali lako ni halali na sitalipita juu juu. Hulipii kutazama mikoko, unalipia ubao unaokanyaga. Ubao ukioza ni kinamama wale wale wanaotafuta mbao na fundi.

Lakini kuna la zaidi. Hiyo mikoko unayosema ya babu, sehemu kubwa ilikwisha. Miaka ya 1970 ilikatwa kuni za kuchomea matofali na chokaa, ikabaki mitaa mizima ya tope tupu, kaa hakuna, samaki wakapungua. Ukitembea leo utaona mahali miti imesimama kwa mistari, urefu sawa, kama shamba. Hiyo ilipandwa kwa mkono. Watafiti wa taasisi ya bahari, KMFRI, wenye kituo pale pale Gazi, walianza kujaribu kupanda mwaka 1991, na mtu aliyeishughulikia kazi hiyo miaka yote, Dkt. James Kairo, anajulikana. Wanakijiji ndio waliochomeka mbegu. Mkoko wa kupandwa haushiki popote: ukiuchomeka mahali pa mchu, mti mwingine wa mikokoni, unakufa, ukiuchomeka mbele sana bahari inaung'oa. Ilichukua miaka kujifunza kila tope linataka mti gani.

Halafu mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja, wa Gazi na Makongeni, hekta 117. Mikoko hufukia hewa ya ukaa kwenye tope lake, na tope lile halina hewa, kwa hivyo majani na mizizi iliyozama haiozi haraka, inakaa humo miaka na miaka. Hiyo hewa iliyofukiwa hupimwa na kuuzwa ng'ambo kwa hati, kwa wanaotaka kufidia moshi wao, fedha zikarudi vijijini, zikaingia kwenye maji ya bomba na shule. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wenzetu wa Vanga nao wamefuata njia hiyo hiyo.

Tukio_Moja

Nimekuelewa ndugu yangu. La maji ya bomba nilikuwa nalijua, la kupanda mistari sikulijua. Babu alikuwa akisema "kule nyuma ya kijiji palikuwa jangwa la tope", nikidhani anazidisha.

MwanaGhuba

Sasa miti, kama nilivyoahidi. Hapa naomba mtu asiruke, kwa sababu bila majina utaona kijani tu.

Ukitoka nchi kavu kwenda baharini, kwa kawaida unaanza na mchu. Mchu utaujua kwa chini: ardhi yote imechomoza vijiti kama penseli zilizopandwa, maelfu. Ile ni mizizi yake inayopanda juu kuvuta pumzi. Simama hapo. Chuma jani moja, moja tu, liinamishe mbele ya jua. Utaona punje ndogo zinang'aa. Weka ulimi. Ni chumvi. Mti umekunywa maji ya bahari, umeyatumia, na chumvi umeitoa nje kupitia jani. Watoto wangu nikiwapeleka hawataki kuondoka hapo.

Mbele kidogo ni mkandaa, mwembamba, umesongamana. Gome lake lilikuwa likitumika kutia ngozi rangi na kuzitengeneza zisioze. Halafu muia. Halafu unaingia kwenye mkoko wenyewe, na hapo hata mwanga unabadilika. Mizizi inatoka katikati ya shina, inapinda hewani na kushuka kama miguu ya buibui. Mbegu yake humea ikiwa bado juu ya mti: inaning'inia ndefu, ya kijani, ncha chini, mpaka siku inajiachia. Kama maji yamekupwa inadondoka wima na kujichoma topeni. Nimewahi kuisikia ikianguka, "tup", na nilipogeuka ilikuwa imesimama tayari, inatikisika kidogo. Kama maji yamejaa inaelea, inakwenda kutafuta tope lingine.

Mwisho kabisa, mbele ya bahari, ni mlilana. Huo ndio unaopokea wimbi la kwanza. Mizizi yake ya kupumulia ni minene kama pembe. Mafundi wa majahazi wanaupenda kwa mataruma, zile mbavu za chombo.

Wapo pia mkomafi, wenye tunda kubwa la mviringo kama mpira, na kikandaa, na msikundazi. Ghuba ile ndogo ina karibu kila aina ya mkoko iliyoko Kenya nzima.

Mtu_wa_Chwaka

Salamu kutoka Unguja. Nimefurahi kusoma. Sisi huku muia twauita msinzi, mengine majina sawa sawa. Nasi tuna njia ya mbao pale Pete, karibu na Jozani, ndani ya hifadhi ya taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyotangazwa mwaka 2004. Ni fupi pia, mzee wa goti baya ataiweza. Watalii wengi hutazama kima punju msituni halafu hupanda gari wakaondoka, mikoko hawaigusi. Nakubaliana na wewe kuhusu maji. Mimi huwaambia wageni waje maji yakianza kujaa, wasimame daraja la mwisho wasiseme kitu. Utaona ulimi wa maji unaingia kwenye njia za kaa mmoja mmoja, na kaa wanapanda mizizi mbele yake kama watu wanaopanda darini.

MwanaGhuba

Mtu wa Chwaka, umenikumbusha kaa nami nilikuwa nimewasahau. Wapo wale wadogo, dume ana gando moja kubwa kuliko mwili wake, jeupe au la rangi ya chungwa, analipunga juu chini, juu chini. Anaita jike na anafukuza jirani kwa ishara hiyo hiyo. Ukikanyaga ubao kwa kishindo wote huzama mashimoni. Sasa fanya hivi: simama, usitikise hata mkono, hesabu mpaka mia mbili. Wataanza kutoka, kwanza macho, halafu gando. Hapo ndipo utajua uko juu ya mji.

Kwenye mizizi utaona chaza wameganda, na visamaki vyenye macho juu ya kichwa vinavyotembea topeni kwa mapezi. Juu kuna mdiria, yangeyange, korongo. Kuanzia Septemba hadi Aprili hivi, sululu na chamchanga kutoka nchi za baridi wanashuka kwenye fungu la mchanga maji yakipwa.

Nahodha_Mstaafu

Wanangu, naongeza neno moja la usalama. Maji hayakufuati kwa mbele, yanakuzunguka kwa nyuma. Ghuba kama hiyo ina vijito vya chini, na maji yakigeuka vinajaa kwanza vile vilivyo kati yako na nchi kavu. Wewe uko kwenye fungu umesimama pakavu, unapiga picha, kumbe njia uliyojia imekwisha kufunikwa. Kwenye njia ya mbao hakuna neno. Akitoka mtu kwenye mbao kwenda mchangani, awe na mwenyeji, na ageuke kurudi kabla maji hayajaanza kuja, si baada.

MwanaGhuba

Shikamoo mzee. Maneno yako nayathibitisha kwa kilichonikuta. Mwaka fulani siku ya bamvua nilikwenda fungu la mbele na watoto wawili, tukiwa na kijana aliyejitolea kutuongoza, si wa kikundi cha kinamama, tulikutana naye tu njiani. Saa tano ikapita, watoto wanaokota makoa, yeye anatuambia bado kuna wakati. Tuliporudi kijito tulichokivuka kifundo cha mguu kilikuwa kimefika kiunoni, na maji yanavuta. Nilimbeba mdogo mabegani, mkubwa akashika mkanda wangu. Tulivuka, alhamdulillahi, lakini magoti yalinitetemeka mpaka jioni. Tangu siku hiyo natazama mwezi mwenyewe, simwachii mtu.

Muscat_Mwambao

Nasoma nikiwa Muscat, kwetu asili Lamu. Hapa mjini kuna hifadhi ya mikoko, mahali panaitwa Qurm, na neno lenyewe maana yake ni mikoko. Mti ni mmoja tu, mchu, hakuna mwingine unaostahimili huku. Jumamosi natembea kando yake na watoto, nawaonyesha zile penseli za chini, na sasa nitawalambisha jani.

Jambo jingine, nyumba za kale za Ghuba ya huku dari zake zimeshikwa na boriti za kutoka kwetu. Chumba kilijengwa chembamba kwa sababu boriti ndiyo iliyokuwa kipimo, ukuta mmoja hadi wa pili hauzidi urefu wa mti wa mkoko. Majahazi yalikuja na kaskazi kuleta tende, yakarudi na kusi yamejaa boriti. Nikiinua macho kwenye dari kama hizo nauona msitu wa kwetu umelala.

MwanaGhuba

Ahsante sana ndugu. Kuuza boriti ng'ambo Kenya ilipigwa marufuku mwaka 1982, lakini vipimo wazee bado wanavitaja: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kila unene na jina lake.

Mdadisi_Kilifi

Gazi si ndiyo ile ya Mbaruk?

MwanaGhuba

Ndiyo hiyo. Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Mazrui alikaa Gazi, na ndipo alipokuwa na nguvu zake kabla ya vita vyake na Waingereza vya 1895 na 1896, mpaka akakimbilia upande wa Wajerumani. Uliza kijijini, watakuonyesha panapomhusu. Mimi nimefungua uzi wa mikoko, historia hiyo inastahili uzi wake.

BintiUkunda

Nimerudi. Tulikwenda Jumapili, mwezi kumi na tano, kama ulivyoelekeza. Niandike yote kwa sababu kaka alijibu swali langu kwa moyo.

Tulifika saa nne kasorobo. Niliwafikia kinamama siku mbili kabla, wakaniambia kuna mbao tatu hazijatengenezwa karibu na mwisho, na mmoja wao akaja kutembea nasi, akamshika mama mkono wa kulia mahali hapo. Mama alikwenda pole pole sana. Tulitumia saa nzima na robo kwa njia ambayo mtu mzima wa afya angeipita kwa dakika chache. Maji yalikuwa yamekwenda mbali, tope linang'aa, kaa kila mahali. Lile la kuhesabu mpaka mia mbili tulilifanya. Mama alihesabu kwa Kidigo.

Kwenye mchu nikamchumia jani alambe. Akalamba, akanyamaza, akasema baba yake alikuwa mkata boriti, na akirudi nyumbani mikono yake ilikuwa na ladha hiyo. Miaka yangu yote sikuwahi kusikia kwamba babu alikata boriti. Halafu akaanza kuitaja miti mwenyewe, mkandaa huu, muia huu, yule mama wa kikundi anaitikia, wakawa wanazungumza wawili wakinisahau. Akamwonyesha mti mmoja akasema "huu sasa ni mazio, mwakani ni boriti", yule mama akamwambia "huu haukatwi tena, bibi", na mama akasema "najua, nausomea kipimo tu".

Tukala wali wa nazi na samaki, nilikuwa nimeagiza mapema. Goti lilikuwa limemchoka, nikafikiri tutaondoka. Akaniuliza saa kumi imebaki muda gani.

Tulirudi. Hatukwenda mpaka mwisho, tuliishia kwenye mikoko mikubwa ya kivuli. Maji yalikuwa yamepanda karibu na mbao, ya kijani, yametulia, mizizi yote imezama, samaki wadogo wanapita kwa makundi kati yake. Mahali tulipowaona kaa asubuhi hapakuwa na hata alama. Mama alikaa kwenye ubao, akavua kiatu cha mguu mzima, akautia majini, akakaa hivyo mpaka maji yakaanza kurudi.

Anauliza bamvua nyingine ni lini.

MwanaGhuba

Mwambie mwezi utakapoandama, dada. Siku ya pili na ya tatu ndiyo maji yanayojaa zaidi. Na mimi nitakuwepo, nina mbao mbili za kuwapelekea kinamama.